Taathira ya Muziki katika Ubongo na Siha

Mwezi wa Januari mwaka 1998, gavana wa jimbo la Georgia katika Marekani, Zell Miller, aliliomba baraza la kutunga sheria la jimbo lake dola 105,000 kwa mwaka, ili kila mtoto atakayezaliwa humo apelekwe kwao pamoja na kanda au diski ya muziki wa mabingwa wa Ulaya, kwa kuitakidi kwamba mtoto alazwaye na kuamshwa kwa muziki wa namna hiyo atakuwa na akili nyepesi kuliko mwenziwe aliyeukosa. Nia ya gavana ilikuwa njema, na wazazi wengi duniani waliifuata itikadi hiyo kwa fedha zao wenyewe. Lakini asili yake ilikuwa jaribio moja dogo la mwaka 1993, lililofanywa katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, ambamo wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima wala si watoto wachanga, walisikilizishwa kwa dakika 10 sonata ya Mozart ya piano mbili, kisha wakatakiwa kuwaza jinsi karatasi iliyokunjwa na kukatwa itakavyoonekana ikishakunjuliwa. Wakafanya vizuri kuliko walipokuwa wamekaa kimya au wamesikiliza maelekezo ya kujituliza, na fadhila hiyo ikawatoka kabla ya robo saa kwisha.

Habari ilivuma ikawa kubwa kuliko jambo lenyewe. Wataalamu waliporudia jaribio hilo, wengine waliambulia kidogo na wengine hawakuambulia kitu; na mwaka 2010 watu wa Chuo Kikuu cha Vienna, mji aliokaa Mozart mwenyewe, walikusanya uchunguzi wapata 40 uliohusu watu zaidi ya 3,000, wakahukumu kwamba muziki wa Mozart hauna siri ya pekee ya kunoa akili. Jaribio moja la Kanada lilitoa nuru zaidi kuliko yote: wasikilizaji waliwekewa Mozart mara moja, na mara nyingine wakasomewa hadithi ya Stephen King, na ikadhihirika kwamba aliyependa hadithi alijibu maswali vizuri baada ya hadithi, na aliyependa muziki alijibu vizuri baada ya muziki. Huko Uingereza nako, katika watoto wapata 8,000 wa miaka 10 na 11, waliosikilizishwa nyimbo za vijana za wakati huo waliwashinda katika mtihani mmoja wale waliosikilizishwa Mozart. Kilichowasaidia wote hao kilikuwa uchangamfu wa nafsi, na uchangamfu huja kwa kile mtu akipendacho.

Nimelitanguliza kosa hili kwa sababu ndani yake imo kanuni ambayo, kwa rai yangu, ndiyo ufunguo wa suala zima. Muziki una nguvu ya hakika katika ubongo, nguvu inayopimika kwa mitambo na kuonekana katika pumzi, damu na mapigo ya moyo. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo haimo katika sauti peke yake, wala haiwezi kugawiwa watu wote kwa kipimo kimoja kama kwinini. Imo katika uhusiano baina ya wimbo na msikilizaji wake: aliusikia wapi, mara ngapi, pamoja na nani, na sikio lake lililelewa kwa mahadhi gani. Anayetaka kuutumia muziki kwa siha ya watu, na asiujue uhusiano huo, atapotea njia ya yule gavana.

Sauti kwa asili yake ni mtikisiko wa hewa. Mtikisiko huo huipiga ngoma ya sikio, hupitishwa na vifupa vitatu ambavyo ni vidogo kuliko vyote mwilini, na kuingia katika sikio la ndani, ambako chembe zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, huzipokea sauti nene na nyembamba, kila moja mahali pake, na kuzigeuza kuwa ishara za umeme. Ishara hizo hupanda kwa mshipa wa kusikia, hupita vituo kadhaa vya shina la ubongo, na kufika katika gamba la ubongo upande wa kulia na wa kushoto, juu kidogo ya masikio. Hata hapo, mlio wa zumari na mlio wa mlango mkavu imepita njia moja. Tofauti huanza baadaye, kwa kuwa muziki hauishii katika makao ya kusikia: huziamsha sehemu ziongozazo viungo, hata kama msikilizaji ametulia tuli kitini, huigusa hipokampasi ihifadhiyo kumbukumbu, huigusa na amigdala, ambayo ndiyo mlinzi wa hofu. Na mambo haya hayangoji mtu akue. Mwaka 2009 wataalamu wa Hungaria walionyesha kwamba mtoto wa siku mbili au tatu, angali usingizini, ubongo wake hushtuka pigo kuu la ngoma linaporukwa. Maana yake amekwisha kulitarajia.

Neno hilo, kutarajia, ndilo lililopata ushahidi mkubwa katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Mwaka 2001 Anne Blood na Robert Zatorre walionyesha kwamba mtu asisimkapo kwa muziki aupendao, hata malaika ya mwili yakasimama, ubongo wake huamka katika sehemu zile zile ziamshwazo na chakula kitamu na mapenzi, mambo ambayo uhai wa mwanadamu unayategemea. Miaka 10 baadaye Valorie Salimpoor na wenzake waliwachukua watu 8, kila mmoja akaja na muziki wake mwenyewe, na kwa picha za ubongo wakaona kemikali ya ubongo iitwayo dopamini ikimiminika kwa nyakati mbili na mahali pawili: kwanza wakati msikilizaji alipokuwa akiingoja sehemu aipendayo, kisha sehemu hiyo ilipowadia. Ili kuondoa shaka kwamba huenda dopamini ikafuatana tu na raha pasipo kuisababisha, Laura Ferreri na wenzake huko Barcelona waliwapa watu 27, kwa siku mbalimbali, dawa iongezayo dopamini, dawa iizuiayo, na kidonge kitupu. Na matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba raha ya muziki ilipanda kwa dawa ya kwanza na kushuka kwa ya pili.

Ajabu kubwa katika habari hizi ni kwamba raha huanza kabla ya lile liletalo raha. Ubongo husikiliza huku ukikisia sauti ijayo, na mtunzi hodari huyajua makisio hayo, akayatimiza hapa, akayachelewesha pale, na pengine akayapindua kwa namna ambayo msikilizaji hushangaa na kuridhika kwa wakati mmoja. Mtu aliyewahi kukaa katika hadhara ya taarabu ya Unguja au Mombasa anaujua utaratibu huu bila ya mitambo: ala za kanuni na fidla hutangulia kwa bashrafu ndefu, watu wakatulia na kungoja, mwimbaji akaingia, na katika ubeti fulani, si uliotangulia wala unaofuata, mwanamke huinuka mahali pake akaenda kumtunza kwa mikono iliyojaa fedha. Alikuwa akiungoja ubeti ule tangu pigo la kwanza. Mgeni aliyeketi kando yake, ambaye hajui Kiswahili wala mahadhi hayo, amepata sauti zile zile masikioni na hakupata lile lililomwinua jirani yake.

Haifai, hata hivyo, kulivuta jambo hili mpaka kusema kwamba kila muziki ni fumbo kwa asiyelelewa nao. Watu wa kabila la Mafa, wakaao katika milima ya Kameruni ya kaskazini, walipowekewa muziki wa Ulaya ambao hawakuwa wameuzoea, waliweza kubainisha, kwa kiasi kipitacho bahati nasibu, upi wa furaha, upi wa huzuni na upi wa hofu. Na watoto wachanga 144 wa Marekani, waliosikilizishwa bembezi za mataifa ya mbali kwa lugha wasizozijua, mapigo ya mioyo yao yalipungua kuliko waliposikia nyimbo za namna nyingine kutoka mataifa hayo hayo. Mama wa Kiswahili ambembelezaye mwanawe kwa sauti ya chini na mwendo wa pole anafanya jambo linalofahamika kwa mtoto yeyote wa binadamu. Lakini ukipita ngazi hiyo ya kwanza, malezi hushika hukumu: wataalamu waliokwenda Bolivia kwa watu wa kabila la Tsimane, katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016, walikuta kwamba sauti zinazogongana, ambazo masikio ya Ulaya huziona kero, kwa watu hao hupendeza sawasawa na zile zipatanazo. Wapo pia watu wachache, wenye masikio mazima na wenye kuifurahia dunia katika mambo mengine yote, ambao muziki hauwapi raha hata kidogo. Na tabibu mwenye insafu hatawalazimisha.

Juu ya mwili, mwendo wa muziki ndio wenye amri kubwa. Luciano Bernardi na wenzake huko Pavia, Italia, walitangaza mwaka 2006 kwamba muziki wa mbio huongeza pumzi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu, na wa taratibu hupunguza; jambo ambalo mpiga ngoma yeyote angeweza kuwaambia. Walilolipata bila kulitafuta ni kwamba kimya cha dakika 2, kilichotiwa kati ya vipande vya muziki, kilituliza mwili kuliko muziki wa taratibu wenyewe, na kuliko mapumziko yaliyotangulia kabla ya kusikiliza. Nalitaja hili kwa sababu siku hizi twasafiri katika mabasi ambayo vipaza sauti vyake havinyamazi tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, na tumesahau kwamba kituo ni sehemu ya wimbo.

Kuhusu hospitali, ushahidi ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 jarida la matabibu la Lancet lilitoa mkusanyo wa majaribio 73 juu ya wagonjwa waliopasuliwa, na jumla yake ilikuwa kwamba waliosikilizishwa muziki, ama kabla ya kupasuliwa, ama wakati wenyewe, ama baadaye, walipungukiwa na maumivu na wasiwasi, na wakahitaji dawa chache za kutuliza. Hata waliokuwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi hawakukosa nafuu. Siku zao za kukaa hospitalini hazikupungua, na yafaa lisemwe. Yafaa pia lisemwe neno linalokwenda kinyume cha rai yangu: katika majaribio hayo, mgonjwa kuchagua wimbo wake kulileta tofauti ndogo tu. Naona sababu yake ni kwamba maumivu ya siku mbili tatu hutaka kusahaulishwa, na sauti yoyote tulivu yaweza kusahaulisha. Ama kumbukumbu iliyopotea na huzuni iliyokaa miaka, hizo hazishughulikiwi na wimbo wa mpita njia.

Angalia habari ya Helsinki. Teppo Särkämö na wenzake waliwachukua wagonjwa 60 waliokuwa ndio kwanza wamepatwa na kiharusi, wakawagawa mafungu matatu: la kwanza likasikiliza kila siku, kwa muda wa miezi 2, muziki ambao kila mgonjwa aliuchagua mwenyewe, la pili likasikiliza vitabu vilivyosomwa, la tatu likapata matibabu ya kawaida peke yake. Baada ya miezi 3 kumbukumbu ya maneno ilikuwa imepanda kwa asilimia 60 katika fungu la muziki, asilimia 18 katika fungu la vitabu, na asilimia 29 katika fungu la tatu. Na watu wa muziki walikuwa na majonzi machache kuliko wale walioachwa bila ya kitu cha kusikiliza. Matokeo haya yalitangazwa mwaka 2008. Fungu lilikuwa dogo, na mtu mwangalifu hatajenga ghorofa juu yake. Lakini dawa yenyewe ilikuwa saa moja ya kusikiliza kitandani, katika majuma ya mwanzo ambayo mgonjwa wa kiharusi aghalabu hulazwa akitazama dari, ilhali ubongo wake umo katika kujitengeneza upya.

Kiharusi hicho hicho huweza kumnyang'anya mtu usemi na kumwachia wimbo. Mgonjwa aliyeumia upande wa kushoto wa ubongo, asiyeweza kuomba maji kwa neno moja, pengine huimba ubeti mzima aliojifunza utotoni, maneno yake yote yakiwa sahihi; na juu ya msingi huo matabibu wa Boston walianzisha mwaka 1973 tiba ya kumfundisha mgonjwa kuyaimba maneno ya haja zake za kila siku, huku mkono wake wa kushoto ukipiga mwendo, hadi wimbo upunguzwe pole pole na usemi ubaki. Huko Colorado nako, Michael Thaut na wenzake walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mgonjwa wa Parkinson, ambaye miguu yake hugandamana na sakafu, hupata hatua ndefu na mwendo wa kasi zaidi akipigiwa pigo la kufuata, kwani sikio humpelekea mguu ule mpango wa wakati ambao ubongo wenyewe umeshindwa kuutoa.

Wala mambo haya hayakuanzia huko. Sultani Bayezid wa Pili wa dola ya Uturuki alijenga katika mji wa Edirne hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeizuru katika karne ya 17, aliandika kwamba waimbaji na wapigaji 10 waliwekwa humo kuwapigia wagonjwa mara tatu kwa juma. Katika pwani yetu waganga walikuwa na maarifa yao: katika ngoma za kupunga pepo, kila pepo ana ngoma yake na nyimbo zake, na fundi hujaribu pigo hili na pigo lile, akimtazama mgonjwa, mpaka apate lile ambalo mwili wa mgonjwa unaliitikia. Msomaji na awe na itikadi yake juu ya mapepo. Mimi naangalia ufundi tu, na katika ufundi huo naona mambo mawili ambayo tiba mpya imeyafikia kwa safari ndefu. La kwanza ni kumtafutia mgonjwa wimbo wake. La pili ni kutomwacha asikilize peke yake, maana jamaa na majirani huwapo, hupiga makofi na kuitikia usiku kucha.

Hili la pili lina uzito. Watu waimbapo au wachezapo kwa mwendo mmoja hustahimili maumivu zaidi baada yake, dalili ya kwamba mwili umetoa maliwazo yake wenyewe. Nchini Gambia, ambako vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng huimba na kucheza kwa ajili ya uzazi na watoto, wajawazito waliokutana na vikundi hivyo kwa majuma 6 walipungukiwa na dalili za wasiwasi na huzuni. Ama kwa wagonjwa wa sonona kwa jumla, mapitio ya mwaka 2017, yaliyokusanya uchunguzi 9 na watu 421, yalikubali kwamba tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida huleta nafuu kwa muda mfupi kuliko matibabu hayo yakiwa peke yake. Ikiongezwa, nasema: hakuna aliyethibitisha kwamba yaweza kushika mahali pake. Na mwenye huzuni ajifungiaye chumbani na wimbo mmoja wa majonzi, akiurudia na kurudia huku akiyatonesha yaliyompata, aghalabu hutoka akiwa na hali mbaya kuliko alivyoingia, ingawa wimbo ule ule katika baraza la watu ungemliwaza.

Sikio nalo lina haki zake. Zile chembe zenye vinyweleo, zikishakufa, hazioti tena. Shirika la Afya Duniani hukadiri kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wamo katika hatari ya kupotewa na usikivu kwa kusikiliza kwa sauti kubwa mno, na kipimo chake ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma. Sauti ikifika desibeli 90, muda huo hupungua ukawa saa 4 tu. Kijana aweza kuumaliza katika harusi moja, akiwa amesimama karibu na spika.

Nimebakiza wazee kwa makusudi, maana kwao ndiko kanuni niliyoitaja inakodai haki yake kamili. Mwaka 1989 wataalamu Holbrook na Schindler waliwauliza Wamarekani wa rika mbalimbali jinsi walivyozipenda nyimbo za miaka mbalimbali, wakaona mapenzi hayo hufika kilele kwa nyimbo zilizovuma msikilizaji alipokuwa na umri wa miaka 23 na nusu hivi. Na mwaka 2015 wataalamu wa Leipzig walionyesha kwamba sehemu za ubongo zihusikazo na nyimbo za zamani ni miongoni mwa zile zinazochelewa kuharibiwa na maradhi ya Alzheimer, ndiyo maana mzee asiyemtambua tena mwanawe huweza kuushika wimbo na kuumaliza. Sasa mzee aliyezaliwa Tanga mwaka 1945 alikuwa kijana wa miaka 23 mwaka 1968, mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe akiwa na bendi ya Morogoro Jazz, na bendi za Atomic na Jamhuri zikishindana humo humo Tanga. Dawa ya mzee huyo ni nyimbo hizo, na hakuna kampuni ya ng'ambo itakayomtengenezea. Nyingi zimo katika kanda zilizorekodiwa na iliyokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda za sumaku huharibika kwa joto na unyevu. Kwa hiyo gharama ya kuzihamishia katika kompyuta yastahili kuhesabiwa katika mafungu ya afya, wala si ya utamaduni peke yake.

Pamoja na hayo, katika karatasi ya mgonjwa, panapoandikwa umri, dini na dawa zinazomdhuru, pana nafasi ya mstari mmoja wa nyimbo alizozipenda ujanani, na bendi au mwimbaji aliyeziimba. Mstari huo haugharimu kitu, ila ni sharti uandikwe mapema, mgonjwa angali na majina kichwani. Kwa kuwa maradhi yakishayachukua majina, hataweza kuuomba wimbo wake, ataweza kuujua tu akipigiwa.